Mahindi Mabovu Yasiishie Bandani

Katika nyumba nyingi, mahindi yanapochambuliwa kabla ya kupelekwa mashineni huwa kuna vyombo viwili. Kimoja ni cha mazima. Kingine ni cha yaliyooza, yaliyobunguliwa na yaliyobadilika rangi. Cha kwanza kinakwenda kuwa unga wa familia. Cha pili hakimwagwi, kinakwenda kwa kuku. Wafanyabiashara nao hufanya hivyo hivyo kwa magunia: mzigo ulionyeshewa njiani, au uliokataliwa na mwenye kiwanda cha unga, unashushwa bei na kuitwa "mahindi ya kuku". Ukibadilisha jambo moja tu katika ufugaji wako mwaka huu, liwe hilo: acha kununua mahindi hayo.

Kinachotisha ndani yake ni sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu zinazoota kwenye nafaka, karanga na mbegu za mafuta. Katika ukanda wetu inayosumbua zaidi ni aflatoksini, ambayo hutokana hasa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hii hustawi kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 35, yaani hali ya kawaida ya ghala letu lolote, na kinachobaki kuiwezesha ni unyevu tu. Pia haisubiri ghala. Mahindi yakipigwa na ukame wakati wa kukomaa, na wadudu wakatoboa punje, maambukizi huanzia shambani. Ukiyavuna na kuyaanika juu ya udongo mtupu, kisha ukayafunga kwenye magunia kabla hayajakauka, utakuwa umeipa kuvu kila ilichohitaji.

Kuna mambo matatu ambayo wafugaji wengi huyaelewa vibaya, na afadhali tuyanyooshe mapema.

Kwanza, kuvu unayoiona si kipimo cha sumu. Mahindi yanaweza kuwa na ukungu wa kijani na sumu kidogo, na mengine yakawa safi machoni huku yamejaa sumu, kwa sababu kuvu ilishakufa au iliondolewa kwa kupepetwa na kukobolewa, ila sumu yake ikabaki. Pili, moto hauiondoi. Aflatoksini huvumilia joto kubwa kuliko lile la sufuria inayochemka, na joto la kiwanda kinachobana chakula kuwa punje halitoshi kuimaliza. Kuanika mahindi mabovu juani hukausha na kuzuia kuvu isiendelee kuota, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki pale pale. Tatu, sumu haisambai sawasawa gunia zima. Punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Ndiyo maana jirani yako alinunua mzigo ule ule na kuku wake hawakudhurika.

Si jambo la kuku peke yao. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 watu walikufa kwa chanzo hicho hicho katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Lakini kwa asili, sumu hii ilijulikana kupitia ndege wafugwao. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao madaktari wa mifugo hawakuutambua. Walipofuatilia chakula, walikuta kwamba kilichanganywa na mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Utafiti uliofuata ndio uliozaa jina la aflatoksini. Kumbuka kilichobeba sumu ile: mashudu. Tutayarudia.

Bata wachanga ndio wanaodhurika upesi kuliko wote, wakifuatiwa na bata mzinga. Kuku ni wagumu kidogo, na ugumu huo ndio unaomponza mfugaji. Kuku wake hawafi kwa wingi siku moja ili ashtuke. Wanadhoofika polepole, naye anatafuta mchawi kwingine.

Inavyoonekana bandani

Usitegemee dalili moja itakayokuambia kwamba hii ni sumukuvu. Utakachoona ni mkusanyiko wa mambo madogo. Kuku wanapunguza kula. Vifaranga wa umri mmoja wanapishana ukubwa hadi unadhani uliletewa makundi mawili. Upanga na miguu vinapauka. Mayai yanapungua, mengine yanakuwa madogo, na utagaji ukishashuka haupandi tena vizuri. Kuku wa nyama wakichinjwa wanakutwa na michubuko na damu chini ya ngozi, kwa kuwa ini lililoharibika halitengenezi vya kutosha vitu vinavyogandisha damu.

Kinachogharimu zaidi ni kudhoofika kwa kinga. Aflatoksini husinyaza viungo vinavyojenga kinga ya kuku, kikiwemo kile kilicho karibu na mkundu ambacho virusi vya Gumboro pia hukishambulia. Kuku wa namna hiyo ukimchanja, mwili wake hauitikii inavyotakiwa. Kideri kinapita, Gumboro inapita, kuhara damu kunarudi kila baada ya wiki chache, na mfugaji anamlaumu aliyemuuzia chanjo. Wakati mwingine analaumu kwa haki, maana chanjo nyingi huharibikia njiani kwa kukosa barafu. Lakini kama chanjo ilitunzwa vizuri, ilitolewa kwa wakati, na bado magonjwa yanapita, kakague stoo ya chakula.

Kuku anapokufa, mpasue, au mwite mtaalamu wa mifugo ampasue, muangalie ini. Ini zima huwa na rangi ya damu ya mzee na kingo zilizochongoka. Lililoshambuliwa na aflatoksini mara nyingi huvimba, hupauka kuelekea njano, na hukatika ovyo ukilibonyeza. Hapa kuna mtego: kifaranga wa siku chache ana ini la njano kwa kawaida, kutokana na mafuta ya kiini cha yai alilotoka, na kuku wa mayai anayetaga sana au aliyenenepa anaweza kuwa na ini lenye mafuta bila sumu yoyote. Ini la njano ni sababu ya kuchunguza zaidi. Halitoshi kuwa hukumu.

Sumu nyingine zina alama zake. Vidonda na magamba ya njano ndani ya mdomo na kwenye ulimi, pamoja na manyoya yanayoota vibaya, huelekeza kwenye T-2. Kinyesi cha majimaji na figo zilizovimba na kupauka huelekeza kwenye okratoksini. Fumonisini ni ya kawaida sana kwenye mahindi yetu. Kuku huivumilia kuliko farasi na nguruwe, lakini ikiambatana na aflatoksini mzigo unaongezeka. Na usichanganye haya yote na kifaranga anayehema kwa shida akitanua mdomo: huyo huenda amevuta kuvu yenyewe kutoka kwenye maranda yenye unyevu, ikaota mapafuni. Huo ni ugonjwa mwingine, na dawa yake ni kubadilisha matandiko.

Sumu inaingilia wapi

Kama unachanganya chakula mwenyewe, usitoe macho kwenye mahindi tu. Pumba zinastahili kutiliwa shaka kuliko mahindi yenyewe. Punje iliyoambukizwa hubeba sehemu kubwa ya sumu kwenye ganda na kiini, na hizo ndizo sehemu ambazo mashine ya kukoboa huzitoa ili unga wa sembe uwe mweupe. Kwa hiyo mlaji wa sembe anaepushwa kwa kiasi fulani, na sumu inahamia kwenye gunia la pumba ambalo wewe unalinunua ukijua ni chakula rahisi.

Fanya hesabu. Sumu hii hupimwa kwa mikrogramu katika kila kilo. Tuseme pumba zina mikrogramu 100 kwa kilo, nawe umeweka kilo 20 za pumba katika mchanganyiko wa kilo 100. Hata kama viungo vingine vyote ni visafi kabisa, chakula chako tayari kina mikrogramu 20 kwa kilo. Marekani imeweka 20 kuwa ukomo katika mahindi ya kulisha kuku wachanga, na 100 kwa kuku wakubwa. Kwa mahindi ya kuliwa na watu, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni 10, na kati ya hizo isizidi 5 ya aflatoksini B1, iliyo kali kuliko zote. Kutokana na tofauti ya wachanga na wakubwa unapata kanuni ya kwanza ya stoo: viungo vyako bora kabisa wape vifaranga na kuku wazazi.

Mashudu ndiyo yanayofuata. Ya karanga ni ya kuogopwa sana, kwa kuwa karanga hukaa ardhini na kuvu inayoishi kwenye udongo huifikia kirahisi. Mashudu ya alizeti yana sifa nzuri kwa wafugaji wa Singida na Dodoma, na ni protini ya bei ya kuridhisha, lakini watafiti wameshakuta aflatoksini katika mbegu na mashudu ya alizeti ya hapa Tanzania. Kukamua kunatoa mafuta, na sehemu kubwa ya sumu hubaki kwenye makapi. Mwulize mwenye kinu mbegu zake zilikaa wapi kabla ya kukamuliwa, na mashudu yamekaa kwake tangu lini. Yakiwa yamegandana mabonge, au yana joto ndani ya gunia ukiingiza mkono, yaache.

Dagaa, soya iliyokaangwa, chokaa, mifupa na virutubisho vya kiwandani havihitaji hofu kubwa upande huu. Dagaa wabichi wanaoza na kuleta matatizo mengine, lakini hayo si ya leo.

Siku ya kununua

Nenda na bambo. Anayekuonyesha mahindi mazuri juu ya gunia lililofunguliwa hajakuonyesha gunia. Choma juu, katikati na chini, kwenye magunia mengi iwezekanavyo, na umwage yote kwenye sinia moja. Tafuta punje zilizooza, zilizovunjika, zilizotobolewa, zenye rangi ya kijani au ya kijivu karibu na kiini, na vumbi jingi. Nusa. Harufu ya uvundo, ile ya nguo zilizokaa na maji, inatosha kuahirisha biashara.

Kisha pima unyevu. Mahindi ya kuweka stoo yasizidi asilimia 13. Karanga zinatakiwa kuwa kavu zaidi, chini ya 8. Wafanyabiashara wakubwa na vyama vya ushirika wana vipimo vya umeme, omba. Kama hakuna, tumia chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, weka mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi uliyoikausha vizuri, funga na utikise kwa dakika mbili tatu. Iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo hayafai kuhifadhiwa. Isipoganda, yako chini ya 15, ambayo bado si 13. Yaanike tena juu ya turubai kabla ya kuyafunga.

Ukifika nyumbani chekecha. Chenga, vumbi na punje nyepesi hubeba sumu nyingi kuliko uzito wao, na kuziondoa kabla ya kusaga ni kazi isiyo na gharama ila jasho. Chambua kwa mkono yaliyobadilika rangi. Vaa barakoa unapochekecha na unapochanganya, au funga kitambaa mdomoni na puani, na usimtume mtoto kazi hiyo: aflatoksini imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi hilo unalivuta wewe.

Kuna atakayesema bei. Haya, tuseme una kuku 500 wa mayai. Kila mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kwa mwezi unahitaji kilo 1,800, na nusu yake, kilo 900, ni mahindi. Ukipunguziwa Sh 100 kwa kilo kwa sababu ni "ya kuku", umeokoa Sh 90,000. Sasa utagaji ukishuka kutoka asilimia 80 hadi 75, unapoteza mayai 25 kwa siku, mayai 750 kwa mwezi, trei 25. Ukiuza trei kwa Sh 8,000, umepoteza Sh 200,000, na hatujahesabu dawa, wala kuku waliokufa.

Anayelima mahindi yake mwenyewe anaweza kuanza mapema zaidi. Aflasafe, iliyosajiliwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018, ni nafaka iliyopakwa kuvu wa jamii ile ile ya Aspergillus flavus wasiotengeneza sumu. Hunyunyizwa shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, na wale wasio na sumu huwahi nafasi ya wenye sumu. Haizuii uzembe wa ghalani, lakini inapunguza sana mzigo unaotoka shambani.

Stoo na vyombo

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, chini ya paa lisilovuja. Mifuko isiyopitisha hewa ni mizuri kwa mahindi makavu, kwa kuwa huua wadudu na kuzuia kuvu. Ukifungia mahindi mabichi umeyavundika. Pumba, mashudu na chakula kilichosagwa haviwekwi muda mrefu kama punje nzima. Saga na changanya cha wiki mbili, hasa wakati wa masika, hata kama mashine iko mbali na unachukia safari.

Sehemu inayosahaulika ni chombo cha kulishia chenyewe. Chakula cha kiwanda kilichopimwa na kuthibitishwa kinaweza kuota kuvu hapo bandani, pale maji ya chombo cha kunywea yanaporukia kwenye malisho na kugandisha unga kwenye kona. Mfugaji akimwaga kipya juu ya kile cha zamani, mabaki ya chini hayaliwi wala hayaondolewi. Acha kuku wamalize, kwangua, sugua, anika chombo, ndipo uweke kingine. Chombo cha maji kisikae jirani na cha chakula, na pipa la chakula lisafishwe kila linapokwisha.

Ukishuku

Ondoa chakula hicho siku hiyo hiyo, chote, na uwape kingine kutoka chanzo tofauti. Usisubiri majibu ya maabara. Weka kando sampuli: chota sehemu ndogo ndogo kutoka magunia na vyombo vingi, changanya vizuri, toa kama kilo mbili, weka kwenye mfuko wa karatasi mahali pakavu. Plastiki hutoa jasho, na kuvu itaendelea kuota hadi majibu yasilingane na ulichowalisha kuku. Andika tarehe na ulikonunua. Kama ni chakula cha kiwanda, hifadhi lebo yenye namba ya toleo, maana bila hiyo muuzaji ana haki ya kukukana.

Tanzania unaweza kuuliza Wakala wa Maabara ya Veterinari, Temeke au kwenye kituo chake cha kanda, au Shirika la Viwango. Ulizia bei kwanza, na kama kipimo ni cha aflatoksini peke yake au cha sumu kadhaa. Kwa mfugaji mmoja gharama huuma, lakini kikundi kinachonunua mzigo mmoja kinaweza kuchangia kipimo kimoja kabla ya kugawana magunia. Majibu yakitoka safi wakati dalili zinaendelea, kumbuka zile punje chache: huenda mkono wako haukuzigusa.

Sumu hii haina dawa ya kuitibu. Unachoweza ni kumsaidia kuku apone mwenyewe: chakula kizuri chenye protini ya kutosha, vitamini kwenye maji kwa siku kadhaa, hasa E na K, na kumwondolea misukosuko. Ahirisha kuhamisha kundi. Kuhusu chanjo zilizokaribia, shauriana na daktari wa mifugo badala ya kuamua peke yako. Mayai hubeba kiasi kidogo cha sumu na maini hubeba zaidi, na kiasi hicho hupungua haraka chakula kikibadilishwa. Kwa siku hizo, maini ya kuku hao yasiliwe.

Maduka ya pembejeo yatakuuzia viunga vya kufunga sumu. Vile vya udongo wa bentonaiti, vikitengenezwa kwa kazi hiyo, hunasa aflatoksini tumboni ikatoka na kinyesi, na vina maana kama kinga ya ziada kwa kipimo cha kwenye lebo. Lakini kwa T-2, okratoksini na fumonisini, udongo huo hausaidii kitu cha maana. Dawa za kuzuia kuvu, kama zile za asidi ya propioniki, huzuia kuvu isiote. Hazigusi sumu iliyokwishakuwepo. Anayekuahidi poda inayogeuza mahindi mabovu kuwa mazima anakuuzia ruhusa ya kuendelea kununua mahindi mabovu.

Usichanganye gunia bovu na mazuri manne ili "lipotee". Utakuwa umeharibu matano. Na usimpelekee mwenye nguruwe, wala usimpe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa kwake sumu hupita hadi kwenye maziwa ndani ya siku chache. Chimba shimo mbali na kisima na mahali kuku wanapoparua, fukia, na mifuko iliyobeba mzigo huo usiitumie tena kwa nafaka.